Bastola ya bei rahisi ilinichana shavu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Manyoni aliniandikia: "Shikamoo mama. Na mimi nanunua alizeti vijijini. Maombi yangu ya silaha yamefika mkoani. Naomba unielekeze revolva ya bei nafuu ya kutembea nayo kila siku." Niliusoma ujumbe ule nikashika shavu langu la kulia. Kuna kovu dogo hapo, refu kama punje ya mchele. Miaka minne iliyopita niliuliza swali hilohilo, nikajibiwa na mtu aliyekuwa na mzigo wa kuuza.

Mimi ni wa Kibaigwa, mahindi na alizeti. Anayelijua soko letu anaujua msimu wake: malori yamepanga foleni kandokando ya barabara ya Morogoro, vumbi mpaka kwenye kope, na wewe uko Kongwa ndani au Kiteto unanunua gunia kwa gunia. Watu wa mjini huniuliza kwa nini nisilipe kwa simu. Nalipa, kwa anayetaka. Lakini mkulima ambaye wakala wake wa karibu hana floti siku tatu mfululizo anataka noti mkononi, na ana haki. Kwa hiyo hela inatembea, na mimi natembea nayo. Mwenzangu wa sokoni aliporwa porini saa kumi na mbili jioni, mfuko mzima wa msimu, na hakupata hata nauli ya kurudia. Kesho yake nilienda serikali ya mtaa kuanza maombi.

Habari ya kibali sitairefusha. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi yanapanda ngazi kutoka mtaani kwenda juu hadi polisi wakuchukue alama za vidole. Inachukua muda. Anayekwambia ana njia ya mkato anakupeleka jela.

Sasa dukani. Nilikuta revolva mbili kwenye kioo. Moja ya chuma kizito, nyeusi, kuukuu kidogo. Ya pili ndogo, nyepesi, inang'aa, mtutu mfupi kama kidole gumba, na bei yake karibu nusu ya ile ya kwanza. Muuzaji hakuniuliza nabeba nini wala nimewahi kushika silaha. Aliniangalia juu mpaka chini akasema: "Hii ndiyo ya kina mama." Nililipa siku hiyohiyo.

Neno lile linaniuma mpaka leo, kwa sababu ni uongo, na wanawake wengi wananunua kwa neno hilo. Bastola ikiwa ndogo na nyepesi ndivyo inavyopiga teke zaidi. Uzito wa chuma ndio unaomeza teke, na usipokuwepo kiganja chako ndicho kinachomeza. Halafu triga. Kwenye revolva ndogo, ukivuta triga bila kukokota nyundo, kile kichuma cha nyuma, kwanza, unavuta uzito wa kilo 5 hivi kwa kidole kimoja, ukiwa umeshika kitu chepesi kuliko huo uzito mara kumi. Kwa hiyo mtutu unayumba kabla risasi haijatoka. Ile "ya kina mama" ndiyo ngumu kuliko zote kulenga nayo. Inamfaa mtu mwenye mazoezi ya miaka.

Siku ya mafunzo nilikuwa na mkufunzi, askari mstaafu mpole sana. Risasi ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya nne nikasikia kitu kama mwiba wa mgunga umenichapa shavuni. Nilidhani ni nyigu. Mkufunzi akanishusha mkono taratibu, mtutu ukiangalia chini, akachukua bastola, akaifungua, akatoa maganda. Halafu akanionyesha kwa tochi ya simu: tundu moja la silinda, lile gurudumu linaloshika risasi, lilikuwa halikai sawasawa na mtutu. Risasi ikitoka inajikwangua ukingoni, na chembe za risasi zinatemwa pembeni. Damu ilikuwa imefika kwenye kola. Akasema kama ingekuwa jicho, tungekuwa tunaongea mengine.

Nilirudi dukani na shavu lina plasta. Sikurudishiwa hela. Nikaambiwa nimeshaitumia. Na silaha si simu kwamba utamuuzia jirani. Lazima kila hatua ipite polisi. Ilipoondoka kwenye jina langu nilikuwa nimepoteza zaidi ya nusu ya nilicholipa, na msimu ule mzima nilisafiri mikono mitupu.

Kwa hiyo dada yangu, kabla ya kutoa hata shilingi, muombe muuzaji ruhusa uikague. Fungua silinda, hakikisha kila tundu ni tupu, halafu hakikisha tena. Elekeza mtutu mahali salama. Kokota nyundo polepole sana, ukisikiliza: silinda inatakiwa ijifunge "kti" kabla nyundo haijafika mwisho. Rudia kwa kila tundu, yote matano au sita. Yangu ilikuwa mbovu tundu moja tu, na muuzaji alinionyesha yale mengine. Nyundo ikiwa imekokotwa, shika silinda uitikise. Kuchezacheza kidogo ni kawaida, kulegalega kama jino la mtoto siyo. Halafu vuta triga kwa kidole chako mwenyewe mara kumi mfululizo. Kama mara ya sita kidole kinatetemeka, iache, hata kama inang'aa.

Niliyonayo sasa nilihamishiwa na mzee aliyestaafu ufugaji, kwa karatasi zote za polisi. Ni ile aina nzito, ya chuma, tundu sita, inatumia .38 Special, risasi iliyoanza mwaka 1898 na mpaka leo watu wanaitumia. Imekwaruzika kwenye kitako. Sikuijali. Nimeibeba misimu mitatu, na nikilenga kwa hatua saba risasi zote sita zinakaa kwenye sahani ya chai. Nasema hili kwa fahari, maana wapo ndugu zangu wa kiume waliosema sitaweza.

Jambo jingine ambalo dukani hulichanganya: revolva ya .357 Magnum inakubali risasi za .38 Special, lakini ya .38 haikubali za .357. Ganda la .357 limerefushwa kama milimita 3 makusudi lisiingie. Ukiambiwa "inakula zote", soma maandishi kwenye mtutu.

Na hela itakayobaki usiitie mfukoni. Nunua risasi za mazoezi, ala ya ngozi inayofunika triga, na mkanda mgumu. Usiiweke kwenye mkoba pamoja na funguo na kalamu. Mkoba ndio kitu cha kwanza mwizi kunyakua, na hapo umempa silaha. Vumbi letu la Agosti linaingia kila mahali, hasa chini ya ile nyota inayosukuma maganda, na chembe ndogo tu hapo silinda inagoma kuzunguka. Mimi napiga brashi ya mswaki kila jioni, kabla haijaingia kwenye sefu. Sefu, siyo chini ya godoro. Nina wajukuu. Na kama Jumamosi unakwenda mnada wa Msalato kula nyama na bia, iache ndani ya sefu. Vijana wa sokoni wanaoninyooshea kidole kwa hili, wanisamehe: mtu anayetaka ionekane kiunoni hajawa tayari kuwa nayo.

Dada wa Manyoni, kibali kikitoka nitafute kabla hujaenda dukani. Nitakuja na tochi.