Unafundisha skripti za sheli? Waache madogo wabadilishane mashine mapema

Kwanza tuelewane, sheli ninayosema hapa siyo ya kujazia mafuta, ni programu ya kompyuta inayopokea amri unazoandika na kuzitekeleza, na skripti ni faili lenye amri hizo. Kila nikianza na kundi jipya lazima kuna dogo anauliza, wenzake wanacheka, ndo tunaanza.

Nafundisha Jumamosi kwenye chumba cha kupanga huku Nkuhungu, Dodoma, madogo 11, kila mtu na chombo chake, wengi laptopu zenye Ubuntu (aina ya Linux), mmoja ana Mac aliyoachiwa na mjomba wake, wawili hawana laptopu wanatumia Termux, app inayokupa sheli kwenye simu. Zamani nilikuwa nawamwagia bash tu, sheli moja maarufu, na madoido yake yote, nikijua mambo ya skripti kukubali kila mahali watajifunza mbele ya safari. Wapi.

Siku moja dogo wa Mac kaandika skripti ya kusoma alama na kusema nani kafaulu. Mstari wa juu kaweka #!/bin/sh, yaani iendeshwe na sheli inayoitwa sh, chini kaandika if [[ $alama -ge 40 ]], yaani kama alama ni 40 au zaidi. Kwake safi kabisa. Akampa mwenzake wa Ubuntu kwenye flashi, darasa zima likafeli! Mpaka mwenye 91. Wa kwenye simu nao hivyo hivyo. "Mwalimu, mashine ya huyu ina roho mbaya."

Kumbe kwenye Mac ukiita sh anaitika bash, ila Ubuntu tangu toleo la 6.10 mwaka 2006 anaitika dash, sheli nyingine isiyo na madoido ya bash, na Termux pia ni dash, sasa dash haijui [[ ni nini, inadhani ni jina la amri, inaitafuta, inaikosa, inaandika "[[: not found" halafu aisee wala haisimami, if inaona amri imeshindwa inajiendea zake kwenye else, ile sehemu ya "la sivyo". Na else ilikuwa "amefeli". Ujumbe wa kosa ulikuwepo, tena kwa kila mwanafunzi, ila nani anasoma?

Siku hizi naanza na dash moja kwa moja. Mabano ni [ "$alama" -ge 40 ], kuchapa maneno kwenye skrini ni printf, maana echo -e kwenye dash inakuchapia na hiyo -e yenyewe. Nukuu ndo nawapigia kelele mpaka wananichoka, faili linaitwa "Alama za Kongwa.csv", ukisahau nukuu hayo ni majina matatu, weka rm, amri ya kufuta, mbele uone.

Na zoezi lako linasahihishwa kwenye mashine ya mwenzako, siyo yako. Shellcheck, programu ya kukagua makosa ya skripti, nawaficha mpaka wiki ya tatu, ukiwapa mapema wanatii tu kila inachosema bila kujua kwa nini.

Juzi wamegombana kuhusu sed -i, amri ya kubadilisha maandishi ndani ya faili lenyewe, Ubuntu inaikubali hivyo hivyo, ya Mac inataka uweke kitu mbele yake hata kama ni nukuu tupu. Sikuwaamulia. Nusu saa nzima, mpaka mmoja wa simu akasema si tuandike kwenye faili jipya halafu mv, tulipe jina la lile la zamani? Nikatoka kununua maji.