Jibu: Honi za kubadilisha kwenye Corolla ya zamani
Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza ununue honi gani kwa Corolla yako ya mwaka 1988, ambayo honi yake sasa inakoroma tu. Kabla hujatoa fedha, ipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikilia vizuri, kagua waya na bolti inayoishikilia, ambayo umeme hupitia kurudi kwenye bodi, kwa maana mimi niliwahi kukuta kutu ya kahawia imetanda pale chuma kinapogusa bodi. Ikiendelea kukoroma, chukua jozi ya volti 12, moja ya sauti nene na nyingine nyembamba. Kwa kuwa mbili huvuta umeme mwingi zaidi, nakusihi ufunge rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili kupitisha mkubwa) na fyuzi, usiulemee waya mkuukuu wa usukani. Zenye umbo la konokono zielekeze midomo chini, maji ya mvua yasituame ndani.