Ukimpeleka ndugu yako hospitali, usikubali kuambiwa "ndo alivyo"

Kaka yangu ana ulemavu wa akili na mimi ndo huwa naenda naye kliniki, kwahiyo naandikia nyie mnaoishi na mtu kama yeye.

Kubwa kuliko yote: tabia ikibadilika ghafla, fikiria maumivu kwanza. Kuna kipindi kaka alikuwa anajipiga shavu la kulia, chakula anasukuma, usiku halali, na daktari tuliyemkuta hata hakumgusa, akasema hali yake ndo hiyo apewe tu dawa ya kumtuliza. Nikakataa, nikaomba aangaliwe mdomo, kumbe jino la nyuma limeoza na fizi imejaa usaha. Liling'olewa, kujipiga kukaisha. Hii inatokea sana jamani, kila dalili inasukumiwa ulemavu, na yanayopitwa ni mambo ya kawaida kabisa, meno, masikio, kukosa choo (kukiachwa muda mrefu kunaua, sitanii), na mwenye Down sindromu (hali ya kuzaliwa nayo inayoleta ulemavu wa akili) tezi ya thairoidi yake, ile ya shingoni, ipimwe mara kwa mara hata akionekana mzima, manake ikizembea anakuwa mchovu na kimya halafu watu wanasema ametulia.

Andaa karatasi moja tu: dawa anazotumia, aleji, akiumwa anaonyeshaje, nini kinamtisha (kaka ni ule mkanda wa presha unavyombana mkono). Mpe nesi mnapofika. Omba muwe wa kwanza kuonwa, omba muda zaidi, na usiombe kinyonge, manake Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao nchi nyingi sana zimeridhia, unasema kumnyima marekebisho yanayowezekana, yaani kubadilisha utaratibu kidogo ili na yeye ahudumiwe, ni ubaguzi. Ibara ya 25 inataka apate huduma ya kiwango kilekile cha wengine, tena kwa ridhaa yake mwenyewe.

Yake, sio yako. Ibara ya 12 inamtambua mbele ya sheria sawa na mtu yeyote na inataka apewe msaada wa kuamua. Kwahiyo daktari akianza kuongea na wewe wakati mgonjwa kakaa hapo, mwambie taratibu, muulize yeye. Swali moja moja, maneno mafupi, na msiishie kwenye "ndiyo" yake, wengi wanaitikia tu ili wakuridhishe, mwambie arudie alivyoelewa. Fomu wakikusogezea wewe, usidhani undugu peke yake unakupa mamlaka ya kumsainia mtu mzima, uliza sheria ya nchi yenu inasemaje. Na kabla hujakimbilia mahakamani kuomba uangalizi, yaani uwe mwamuzi wake kisheria, muulize wakili kama kuna njia nyepesi zaidi, manake amri nyingine zinamchukulia kila kitu, hela zake, ndoa, hata kura.

Wakikataa kumpima kabisa, omba sababu iandikwe kwenye faili pamoja na jina la aliyekataa, halafu omba daktari mwingine.