Kifungu cha Malipo Nilichokisoma Nikiwa Nimechelewa

Wiki iliyopita niliandikiwa na msomaji aliyeteuliwa hivi karibuni kuongoza idara ya sheria katika kampuni inayouza bidhaa nje ya nchi. Aliuliza: vita vikizuka na serikali zikawekeana vikwazo, mwanasheria wa kampuni aanzie wapi? Swali hilo limenirudisha Machi 2022, muda mfupi baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kipindi ambacho hadi leo hunikereketa.

Tulikuwa na mnunuzi wa miaka mingi, ambaye makao yake yalikuwa mbali na Urusi na Ukraine, na kwa hiyo sikuwa na wasiwasi naye. Shehena yake ilikuwa tayari baharini benki ilipotuarifu kwamba malipo yamezuiwa. Wanahisa wake wawili walikuwa wameingizwa katika orodha ya vikwazo ya Marekani, mmoja akiwa na asilimia 30 ya hisa na mwingine asilimia 25. Mimi nilikuwa nimempima kila mmoja peke yake, nikaona hafiki nusu, nikatia saini kwamba mnunuzi hana tatizo. Nilisahau kwamba tangu Agosti 2014 Wizara ya Fedha ya Marekani hujumlisha hisa za walio katika orodha, na jumla yake ikifika asilimia 50 kampuni nayo huhesabiwa imezuiwa, hata kama jina lake halimo katika orodha hiyo.

Mnunuzi akasema atalipa kwa euro. Mkataba ulitaja dola peke yake. Kwa siku kadhaa tulibishana, sisi na mawakili wa nje, kama tunalazimika kukubali, huku gharama za meli zikipanda kila siku. Katika kikao cha bodi mkurugenzi mkuu aliniuliza mbele ya watu wote kwa nini idara yangu ndiyo ya mwisho kujua. Sikuwa na jibu, na swali lile bado linaniuma.

Miaka miwili baadaye, Mei 2024, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri linalokaribia sana letu, kati ya MUR Shipping, wenye meli, na RTI, waliokuwa wakisafirisha mizigo kwa meli hizo. Mkataba wao ulitaka dola, kampuni mama ya RTI ikawekewa vikwazo na Marekani mwaka 2018, na RTI ikaahidi kulipa kwa euro na kubeba gharama zote za kubadilisha fedha, lakini MUR ikakataa. Mahakama ilisema kwamba wajibu wa kufanya juhudi za kuridhisha ili kushinda kizuizi kama hicho haumlazimishi mtu kupokea malipo ambayo mkataba haukuyataja. Kama mngependa euro ikubalike siku ya shida, iandikeni siku ya amani.

Nawasihi wenzangu mlielewe jambo hili: hatari ya siasa za kimataifa huifikia kampuni kupitia sarafu, benki, mwanahisa na njia ya meli. Benki haitawasubiri, kwa sababu benki zote zinaikumbuka BNP Paribas, benki ya Ufaransa iliyokubali mwaka 2014 kulipa karibu dola bilioni 9 kwa kupitisha fedha za Sudan, Iran na Kuba kinyume cha vikwazo vya Marekani. Wala msidhani kutii nchi moja kunatosha. Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka 1996 inayokataza kampuni zake kufuata baadhi ya vikwazo vya Marekani, na China ilipitisha sheria yake ya kujibu vikwazo vya kigeni Juni 2021. Anayefanya biashara na pande zote hizo anaweza kuvunja sheria ya mmoja kwa kutii ya mwingine, na ni lazima bodi ijue hivyo kabla ya kutia saini.

Baada ya aibu ile nilitengeneza orodha ya mikataba yetu yote: sarafu, benki, wenye hisa hadi mtu wa mwisho, njia ya usafirishaji, na maneno kamili ya kifungu cha matukio yasiyozuilika, yaani kile kinachomwondolea mtu lawama anapozuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalipozifanya meli zizunguke Rasi ya Tumaini Jema, nilimpelekea mkurugenzi mkuu karatasi moja siku hiyo hiyo, ikionyesha ni mikataba ipi inamtwika nani gharama za safari hiyo ndefu. Safari hii hakuniuliza chochote, alisoma na kutoa maagizo, nami sioni haya kusema kwamba nilijivuna.

Msomaji wangu nimemwambia achukue mikataba yake mitano mikubwa kesho asubuhi, asianze na ukurasa wa kwanza, afungue kifungu cha malipo, kisha aulize nani hasa anammiliki anayelipa.