Kabla ya Kuhamishia Watoto Bowling Green, Kentucky

Mwezi Juni mwaka 2022 tulihama Chicago, mimi, mume wangu, binti yetu aliyekuwa amebakiza miezi miwili kutimiza miaka mitano, na mdogo wake wa miezi minane, tukaenda kuishi Bowling Green, mji wa kusini mwa jimbo la Kentucky ambao sensa ya mwaka 2020 iliuhesabia wakazi 72,294. Umbali wake ni kama maili 400, na sehemu kubwa ya safari ni barabara moja tu, I-65, inayoshuka kukatiza Indiana. Tangu wakati huo wazazi wenzangu, hasa Watanzania na Wakenya waliochoshwa na kodi za nyumba za miji mikubwa, wamekuwa wakinipigia simu kuniuliza kama nao wahame. Wengi wao mimi huwajibu kwamba wahame, lakini huwasihi wasipige hesabu ya kodi ya nyumba peke yake. Kodi yetu ilipungua karibu nusu, na bado kwa miezi sita ya kwanza hatukuweka akiba hata dola moja, kwa sababu katika hesabu zetu tulisahau vitu viwili: gari la pili, na mtu wa kumshika mtoto.

Nianze na gari. Chicago tuliishi miaka mitano kwa kutegemea treni na basi, na gari letu moja lilitoka siku za kwenda kununua chakula. Bowling Green kuna mabasi ya mji, lakini njia zake ni chache, na mtu anayeingia kiwandani saa tano usiku hawezi kuyategemea. Mume wangu alipata zamu ya usiku, mimi nikapata kazi ya asubuhi ya kuhudumia wagonjwa, na viwili hivyo haviwezekani kwa gari moja. Anayetoka jimbo jingine hupeleka kwanza gari lake likaguliwe na ofisi ya sherifu wa kaunti, ndipo ofisi ya karani wa kaunti imsajilie, na anatakiwa kufanya hivyo ndani ya siku 15 tangu awe mkazi. Leseni ya udereva nayo hubadilishwa ndani ya siku 30. Kisha kila mwaka, katika mwezi aliozaliwa mwenye gari, hulipwa kodi kulingana na thamani ya gari lenyewe, jambo ambalo Chicago hatukulizoea. Tuliambiwa dirishani, siku ya kulipa.

Suala la malezi lilituumiza zaidi. Kituo cha kwanza cha kulelea watoto nilichokipigia simu kiliniambia kwamba nafasi ya mtoto wa chini ya mwaka mmoja ingepatikana baada ya miezi saba, na nilikuwa nimekwisha kuacha kazi na kufungasha vyombo. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla hujamwarifu mwenye nyumba wako kwamba unaondoka, piga simu kwenye vituo vya mji unaouendea, taja umri wa kila mtoto, uliza waziwazi nafasi ya mtoto mchanga, kwa kuwa hiyo ndiyo huadimika, na uandikishe jina lako hata kama una safari ya kubahatisha.

Aliyetuokoa ni jirani. Bowling Green imepokea wakimbizi kwa miongo kadhaa, Wabosnia katika miaka ya 1990, baadaye watu wa Burma, Iraki na Kongo, na nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mama mtu mzima wa Kivu Kusini aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Wiki yetu ya pili alinisikia nikimkaripia binti yangu kwa Kiswahili uani, akaja na sahani ya maharage iliyofunikwa kwa kitambaa. Nilimwamkia shikamoo, akacheka, akasema hajaisikia tangu atoke Tanzania. Nilipomweleza shida yangu alinijibu kwa Kiswahili chao: "Mama, leta tu mutoto, mie niko hapa." Watoto wangu leo humwita bibi. Hata hivyo nakushauri kwa moyo wote usiugeuze wema wa namna hiyo kuwa kazi ya bure: sisi tulikubaliana naye malipo ya kila Ijumaa, saa za kumchukua mtoto, na nani apigiwe simu mtoto akipata homa, tukayaandika kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye jokofu lake. Karatasi ile ndiyo iliyotulinda, yeye na sisi, pale zamu zilipobadilika ghafla.

Shule zilitufundisha kusoma tarehe. Mjini humo kuna wilaya mbili za shule, moja ya mji na moja ya kaunti ya Warren, na mpaka kati yake hupita mitaani kiasi kwamba nyumba zilizo jirani kabisa zinaweza kuwa za wilaya tofauti. Usiweke saini ya mkataba wa nyumba kabla ya kuuliza anwani ile inapeleka mtoto shule ipi. Tena Illinois, jimbo la Chicago, humpokea mtoto wa chekechea aliyetimiza miaka mitano kufikia tarehe 1 Septemba, lakini Kentucky hutaka awe ameitimiza kufikia tarehe 1 Agosti. Binti yetu alizaliwa tarehe 20 Agosti. Chicago angeanza mwaka ule. Kentucky alisubiri mwaka mzima, na mwaka huo tuliulipia sisi. Sheria inamruhusu mzazi kuomba mtoto apokewe mapema, ila tulipolijua hilo shule zilikuwa zimekwisha kufunguliwa, kwa maana huku masomo huanza mapema mwezi Agosti. Andaa pia cheti cha chanjo kilichojazwa kwenye fomu ya jimbo hili, na upeleke mtoto kupimwa macho na mtaalamu wa macho, kwa kuwa cheti hicho hudaiwa katika mwaka wake wa kwanza shuleni.

Kwa upande wa matibabu, madaktari wa kawaida wa watoto wapo, lakini mabingwa wengi wako miji mikubwa: Nashville, maili kama 65 kusini, au Louisville, zaidi ya maili 100 kaskazini. Mwanangu alipopata rufaa ya kwenda Louisville tulitoka alfajiri, tukafika tukiwa tumebakiza dakika 20, tukaambiwa tumechelewa dakika 40. Bowling Green inafuata saa za Nashville na Chicago. Louisville, iliyo ndani ya jimbo hilo hilo, iko mbele kwa saa moja. Tulirudi na mtoto hajaonwa, na miadi iliyofuata ilikuwa baada ya wiki sita. Nashville haina tatizo la saa, lakini iko jimbo la Tennessee, kwa hiyo iulize bima yako mapema kama inalipa kule.

Chakula kisikutie hofu. Watu wa Kusini mwa Marekani wanakula mboga za majani zilizo ndugu wa sukuma wiki, bamia, kunde, na vyakula vya mahindi meupe, vyote vikiwa vimejaa kwenye maduka ya kawaida, na mengi ya mapishi hayo yalijengwa na mikono ya Waafrika waliopelekwa kule utumwani. Soma tu maandishi ya mfuko wa unga. Siku ya kwanza nilinunua unga mweupe wa mahindi bila kuangalia, kumbe ulikuwa umechanganywa kiwandani na chumvi na baking poda. Ulipoingia kwenye maji ya moto ulitoa povu hadi ukingoni mwa sufuria, na ugali ukawa na mashimo kama sponji. Adabu zao pia zitakukumbusha nyumbani. Mtoto hufundishwa kumwitikia mkubwa kwa neno la heshima, dereva usiyemjua hukupungia mkono, na swali la unasali wapi huulizwa mapema sana, kwa nia ya kukukaribisha. Sisi tulijibu kwa uwazi, na hakuna aliyetunyanyapaa kwa jibu letu.

Nyumba yenyewe nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo ninayotaka uitazame kwa makini zaidi. Ardhi ya sehemu hizi imekaa juu ya mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji, ndiyo maana pango la Mammoth, refu kuliko mapango yote yanayojulikana duniani, liko karibu nasi, na ndiyo maana ardhi huweza kutitia bila onyo: tarehe 12 Februari 2014 sakafu ya jumba la makumbusho ya magari ya Corvette, yanayoundwa mjini hapa, ilizama na magari manane. Waulize majirani maji husimama wapi mvua ikinyesha, na utembee uani ukiangalia mabonde madogo ya duara. Mwenye nyumba wetu wa kwanza alituhakikishia kwamba uwanja ni mkavu; Machi ilipofika, kidimbwi kilikaa siku tisa chini ya dirisha la watoto.

Kisha kuna upepo. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021, miezi sita kabla hatujafika, kimbunga cha tonado kiliupiga mji huu watu wakiwa wamelala, na watu 17 walikufa katika kaunti ya Warren, wakiwemo watoto. Tulipowasili mapaa kadhaa yalikuwa bado yamefunikwa maturubai ya bluu. Nyumba nyingi hazina chumba cha chini ya ardhi, kwa hiyo unapokagua nyumba tafuta chumba cha katikati kisicho na dirisha, kwenye sakafu ya chini, na uhakikishe familia nzima inaenea. Chetu ni choo cha ukumbini. Chini ya sinki nimeweka tochi, redio ya hali ya hewa inayotumia betri, kofia za baiskeli za watoto, na jozi moja ya viatu kwa kila mtu, kwa kuwa jirani yetu alituambia kwamba usiku ule waliotoka salama walikatwa nyayo na vioo. Mume wangu anapokuwa zamu, king'ora kikilia, mimi huwabeba wote wawili, na bibi ana ufunguo wa mlango wa nyuma.