Camino ya kutimiza miaka 60: nianzie wapi?

Hongera mapema, dada! Umeuliza kama kuianza Camino, ile hija ya miguu ya kwenda Santiago de Compostela, Hispania, kutoka mji wa Sarria badala ya Saint-Jean-Pied-de-Port kule Ufaransa ni kujidanganya. Hata kidogo. Cheti cha Compostela hupewa aliyetembea angalau kilomita 100 hadi Santiago, na Sarria iko umbali wa kama 115. Wiki moja yatosha. Njia nzima, karibu kilomita 780, hula mwezi na zaidi, tena siku ya kwanza tu unapandishwa milima ya Pyrenees.

Ila kuanzia Sarria watu ni wengi mno, hasa Julai na Agosti. Ukitaka kimya cha kuiwaza hiyo miaka yako, nenda Oktoba. Viatu vizoee miguu mapema. Mimi nilikwenda na vipya, malengelenge yakanichechemeza hadi mlangoni pa kanisa kuu. Na mihuri ya kuthibitisha kuwa umetembea, kwenye pasipoti yako ya hija, ugongewe kila siku!