Njaa ya Majengo bila simba wala bahari

SWALI: Jambo, Mwalimu. Mimi ni kijana wa Majengo, hapa Goma. Naandika tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, juu ya maisha magumu ya mtaa wetu, lakini nikiwasomea wenzangu wanasema hayo yote wamekwisha kuyasikia. Ubeti wangu mmoja unaanza hivi:

Njaa simba wa hatari, atutafuna kwa wingi,
Machozi yangu bahari, mateso yangu ni mengi.

Vina viko, mizani iko. Kasoro iko wapi? Tena nikitaka kuingiza vitu vya hapa kwetu, naona mizani inavunjika. Je, niache tarbia niandike slamu, mashairi huru ya kusemwa jukwaani, kama wengine?

JIBU: Jambo sana, mdogo wangu. Nimehesabu mishororo yako: silabi nane kwa nane, -ri katika ukwapi (nusu ya kwanza), -ngi katika utao (nusu ya pili). Upande wa arudhi, yaani kanuni za utunzi, sina la kukosoa. Kasoro iko kwenye picha zenyewe, kwa sababu umeziazima. Simba hapiti Majengo. Bahari iko ng'ambo ya Rwanda na Tanzania nzima. Mshairi wa pwani ambaye baba yake aliingia majini asirudi ana haki ya kulia bahari, na msikilizaji wake ataona chumvi ndani yake. Wewe ukilitamka neno hilo, mama anayekusikiliza hapo Majengo haoni kitu. Anasikia shairi tu.

Njaa ya mtaa wako ina sauti yake. Nyumba nyingi za kwenu ni za mbao, na mbao zikikauka zinaachana. Mwanga wa taa ya jirani unapenya, maneno yake yanapenya, na jioni unajua kama wamepika au hawakupika. Anzia hapo:

Nasikia kwenye mbao, mwiko wao umelala.

Hiyo ni tashihisi, mwiko umepewa tendo la mtu. Lakini inashika kwa sababu ya usemi ambao kila mtu anaujua, kulala njaa. Sikulitaja neno njaa, msikilizaji amelileta mwenyewe. Akishalileta ni lake, hawezi kukuambia amekwisha kulisikia. Kwa hiyo kabla ya kutafuta tashbiha (kufananisha kwa "kama") au sitiari (kukiita kitu kwa jina la kingine), chagua kitu kinachobeba shida kwa namna kinavyotumika kila siku, halafu kieleze kikiwa kazini. Maneno kama umasikini, mateso na uchungu yaondoe kabisa kwenye rasimu ya kwanza. Ukiona ubeti umeanguka bila hayo, ujue picha ilikuwa haijasimama.

Tuchukue bidoni ya njano, dumu la maji. Ikijaa lita 20 ina kilo 20, na katika Kivu mama huibeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Asubuhi bidoni zinapangwa kwenye bomba kabla ya wenyewe, kila moja ikishika nafasi ya mtu. Na Ziwa Kivu liko palepale, mji mzima unaliona.

Bidoni zetu foleni, zangoja tone la maji,
Ziwa li mbele machoni, si letu, kama mtaji,
Kamba ya mama pajini, yachora njia ya mji,
Ishirini mgongoni, ndizo za chai na uji.

Angalia mshororo wa kwanza. Watu hawamo, zimo bidoni zao. Kuweka kitu mahali pa mwenyewe ni taniaba, na katika mashairi ya shida naiamini kuliko mbinu nyingine zote, kwa kuwa haimlazimishi mtu kulia mbele ya hadhira. Neno "kama" limetokea mara moja tu, na limeunganisha vitu viwili ambavyo mchuuzi wa soko la Birere anavijua: maji anayoyaona na mtaji asionao. Tashbiha ikileta kitu kutoka mbali, msikilizaji anaondoka mtaani kwenda kukitafuta. Ukiweka "kama" tatu katika ubeti mmoja, picha zinagombana, hakuna inayobaki.

Niseme pia juu ya volkano, maana najua utaifikia. Nyiragongo ilitoa moto mwaka 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, tena tarehe 22 Mei 2021. Karibu kila kijana anayeandika hapa Goma ameifanya volkano kuwa hasira ya maskini. Picha hiyo imechoka. Yenye utajiri ni lava iliyopoa. Jiwe lile lililofukuza watu ndilo wanalolipasua kwa nyundo ili wauze kokoto. Ndilo ukuta wa uwanja, ndilo linalokula soli za viatu. Ndilo linalomshinda mtu anayetaka kuchimba choo, kila familia inalijua hilo hata kama haijawahi kulisikia kwenye shairi. Mvua ikinyesha maji yanapotelea kwenye nyufa zake na mama anabaki na bidoni tupu. Hapo una beti tano au sita, na mlima wenyewe hujautaja.

Kuna jambo moja nitalikazia. Usiwafananishe watu wa mtaa wako na nzi, mbwa au takataka, hata kama nia yako ni kuwatetea. Sitiari huacha alama juu ya mtu. Mtoto wa mtaa wa Ndosho akisikia mama yake ameitwa takataka katika shairi zuri, uzuri wa shairi unazidi kumuumiza. Mpe mtu ustadi wake. Msukuma chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, anayeteremka na mzigo wa viazi anajua kuupanga usimwangushe, anajua wapi pa kufunga breki kwa mguu. Ukiuonyesha ustadi huo kwa makini, uzito wa maisha yake utaonekana pamoja nao.

Sasa mizani. Vitu vya kwenu haviivunji, kinyume chake. Bidoni, makala (makaa), chukudu, Majengo, Birere, Katoyi: yote ni silabi tatu tatu. Nyiragongo ni nne, nusu kamili ya ukwapi. "Nyiragongo na Majengo" tayari ni nane. Nadhani unapotea kwenye m. Katika "mji" m inasimama peke yake, kwa hiyo ni mizani mbili. "Mtoto" ni tatu. Lakini katika "mbao" m imeshikana na b, kwa hiyo neno zima ni mbili: mba-o. Hesabu kwa kupiga makofi, usihesabu kwa macho. Mshororo ukizidi kwa silabi moja, fupisha kitenzi kama nilivyofanya: inachora ikawa yachora, zinangoja zikawa zangoja. Usifupishe jina la kitu, kwani hilo ndilo lililobeba picha.

Slamu iandike ukipenda, si duni kuliko tarbia. Ila usiikimbilie kwa sababu vina vimekushinda. Katika slamu hakuna kina cha lazima cha kukusaidia pale picha inapolegea, kwa hiyo kazi niliyoieleza hapa inakuwa kubwa zaidi. Kwa vyovyote vile, ukimaliza somea mtu mzima wa mtaani asiyeandika mashairi. Pale atakapouliza unamaanisha nini, weka alama, urudie. Pale atakapokukatiza aanze kusimulia ya kwake, usiguse hata neno.